Siku Kocha Wafula Aliporudi Al Rayyan

Mwanangu, kuna Ijumaa moja naikumbuka kuliko siku nyingi za ujana wangu. Ni ile Ijumaa ambayo Kocha Wafula alirudi Doha akaikuta timu yetu imebaki mifupa.

Nakusimulia kwa kuwa nimesikia umekabidhiwa timu huko ugenini kazini kwenu, na jambo la kwanza unalotaka ni kuwafukuza walioshindwa ulete wapya. Ngoja kwanza.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa mlinzi wa hoteli moja West Bay. Zamu nzima nasimama mlangoni, na wapitao waliniita "security", basi. Walioniita Bakari walikuwa wenzangu wa mpira wa magongo, walinzi na madereva kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Niliipenda timu ile, sikufichi. Bila yake ningerudi Tanga mapema.

Wafula, Mkenya wa Bungoma, ndiye aliyeianzisha. Alipokwenda kwao kumuuguza mama yake, tukasambaratika. Mkenya akampa mpira Mkenya, Mtanzania akamtafuta Mtanzania, na lawama zote zikamwangukia golikipa wetu Okello, Mganda mpole asiye na wa kumtetea. Wengine wakaacha kuja. Yenyewe ilikuwa ligi ndogo tu ya wafanyakazi, lakini wenye ligi wakatuonya: mkishindwa tena kuleta watu kumi na mmoja, hata mara moja, mmetoka.

Mama alipopona, Wafula akarudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ijumaa hiyo Wakristo walitoka kanisani, maana kule ibada yao kubwa ni Ijumaa, nasi tukatoka msikitini. Alasiri tukakutana kwenye kiwanja cha vumbi pale Al Rayyan, magongo mkononi. Kocha akatuambia tuyaweke chini. Akatandika mkeka, akafunua sinia la mandi, ule wali wa Kiyemeni na nyama ya mbuzi, akasema tule.

Mimi na mdomo wangu! "Kocha, tumekuja kucheza au kula?"

"Tulia, Bakari. Mazoezi yashaanza."

Yeye hakula, alituangalia tu. Kila mkono ulichimba mbele ya mwenyewe, na Odhiambo, mfungaji wetu hodari kutoka Kisumu, alijikusanyia minofu bila haya. Dereva mmoja wa Zanzibar akafika amechelewa kutoka kazini, akakuta mbele yake wali mtupu. Okello akamsogezea nyama yake, kimya kimya, akaendelea na wali.

Kocha akanyoosha kidole. "Huyo ndiye kapteni wenu."

Odhiambo akaruka kukataa. "Zi, Kocha! Huyu si anafungwa kila wiki?"

"Anafungwa kwa sababu mnamwacha peke yake. Gongo nitawafunza, hiyo ni kazi yangu. Lakini macho ya kuona mwenzako amekosa, hayo nitayatoa wapi niwawekee?"

Nimekaripiwa na wengi, hata na marehemu baba, ila maneno yale yaliniingia. Na kumbe hakufukuza mtu. Walioacha aliwafuata vyumbani mwao, mmoja mmoja, akawabembeleza kama anachumbia. Kwetu Tanga tunasema mchagua nazi hupata koroma. Wafula hakuchagua, alikusanya. Polepole mpira ukaanza kupita bila kuuliza mtu katoka wapi.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Odhiambo alikuwa amevunjika kidole mazoezini, hawezi kucheza, kwa hiyo tulikuwa kumi na mmoja kamili, hakuna wa akiba. Mchana huo Okello akapiga simu. Mwenzake wa zamu hakutokea, naye amezuiwa kwenye geti la majengo kule Lusail. Tukabaki kumi. Nikakaa chini mavumbini, na machozi yalinilenga, mwanangu.

Odhiambo, aliyekuja kutazama tu, akasimama. "Wacha nikamshikie geti. Kampuni ni moja, na kukaa kwa geti hakutaki vidole."

"Na ile joto ya Lusail?" Kocha akamuuliza.

"Kocha, kapteni anangojwa."

Akaenda kwenye lile jua, akaongea na msimamizi, akavaa sare siku yake ya mapumziko. Gari lililompeleka likamrudisha Okello huku mwamuzi anatazama saa. Tulifungwa mabao mawili kwa moja, na tukashangilia kama wehu, wapinzani wakabaki wanatushangaa. Kocha akampigia Odhiambo. Mzee yule hakuwa mtu wa kulia, ila alishindwa kumaliza salamu.

"Tumebaki kwenye ligi, kijana wangu."

Kelele alizopiga Odhiambo kule getini tulizisikia sote bila kuweka simu sikioni.

Basi mwanangu, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huwezi kumjua kwa kumtazama siku ya ushindi. Hao unaotaka kuwafukuza, kaa nao kwanza. Watazame wanavyotendeana wasipojua unawatazama. Anayemjali mwenziwe mpe uongozi, hata kama si hodari. Na hodari mwenye kiburi usimtupe, mpe muda. Huenda huyo ndiye atakayeiokoa timu yako siku ambayo hachezi.

Mola akupe subira ya Wafula, akukutanishe na watu wema, na ugenini uwe na wakuitao kwa jina lako. Amina.