Faili la Gundi

Maabarani walimwita Bi Shaka, naye alikuwa amelizoea jina hilo kama alivyozoea harufu ya dawa kwenye koti lake. Kwa miaka ishirini na sita alipima sumu katika bidhaa za viwandani, na karatasi haikupita mikononi mwake bila kusomwa mara tatu.

Wiki ile alipewa programu aipime. Ukiiandikia umbo la kemikali, ilikisia papo hapo kama ina sumu. Mkuu wa maabara, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alitaka sahihi yake tu ianze kazi Jumatatu.

"Mama, imepatia tisini na nne kwa mia. Haichoki, wala haiombi likizo."

"Hata jiwe haliombi likizo, baba. Hizo sita ilizokosea ni zipi?"

Mkuu akacheka, akamwachia kompyuta.

Alikuwa na desturi yake: chombo kipya alikijaribu kwa kemikali zilizowahi kuwasumbua wao wenyewe. Akaziingiza moja moja. Ikapatia, ikapatia tena, moyo ukaanza kulainika. Kisha akaandika kiyeyusho kimoja cha gundi ya viatu. Jibu likaja: salama.

Neno hilo aliliandika yeye, miaka kumi na tisa nyuma, baada ya jaribio la wiki mbili tu. Sumu ile huingia polepole, miezi kwa miezi, ikila mishipa ya fahamu. Kosa lilipogundulika, alilisahihisha kwenye faili la karatasi. Kwenye kompyuta alisema atafanya kesho, na kesho hiyo haikufika. Programu ilikuwa imefundishwa kwa kumbukumbu hizohizo za kompyuta. Ilijifunza kosa lake, na sasa ililirudia bila kusita. Akajaribu viyeyusho vipya vitatu vya jamii ileile. Salama, salama, salama. Kimoja kilikuwa kinasubiri kibali.

Asubuhi ya Ijumaa mdogo wake alisimama mbele yake kama kila siku, blauzi wazi. Miaka yake ya kupaka gundi ile kwenye soli kiwandani ilikuwa imemwachia vidole vyenye ganzi.

"Dada, nifungie vifungo. Mbona leo wewe ndiye unatetemeka?"

"Baridi."

"Baridi gani, na jasho linakutoka?"

Hakuwa amewahi kumwambia ni nani aliyeiandika gundi ile kuwa salama.

Kazini, fomu ilimsubiri. Angeweza kuandika kwamba majaribio zaidi yanahitajika, na hakuna ambaye angeuliza. Akaandika: haifai kwa viyeyusho. Chini yake akaweka namba ya faili, tarehe, na maneno matatu: kosa ni langu.

Mkuu alisoma mpaka chini, akaufunga mlango.

"Mama, umebakiza miezi minane ustaafu. Hii itakufikisha pabaya."

"Najua. Nitolee nakala moja."

Jioni alimpa mdogo wake nakala ile. Vidole vilihangaika kwenye mkunjo, karatasi ikaanguka mara mbili. Ikabidi Bi Shaka aiokote, aikunjue, amsomee mwenyewe.