Mgomba wa Mutuma

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu tuendelee. Mimi sina kanisa ninalolitafutia waumini wala dawa ninayouza. Haya yalinipata Embu, katika ukumbi ulio karibu na mtaa wa Dallas, watu wamejaa tele, na walioona walipiga makofi.

Niliacha shule mapema nikawa mtu wa kuzunguka. Nimechuma miraa Maua, nimevunja kokoto, nimeosha magari. Nikimwona mtu anatengeneza kitu kwa mikono yake, lazima nisimame nimuulize anafanyaje. Ndivyo nilivyojifunza kwa msuka vikapu mmoja kushona magome makavu ya mgomba, nami nikaanza kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Wateja wangu utashangaa ni akina nani. Ni vijana wanaopenda katuni za Kijapani. Wana siku yao ya kukutana, wanakuja wamevaa kama watu wa katuni hizo, nywele za buluu, mapanga ya maboksi, na sisi wa kazi za mikono tunapanga meza pembeni tunawauzia.

Msimu huo nilikuwa nimekosa magome. Mama akanitumia gunia zima kutoka nyumbani, upande wa Mikinduri. Hakusema ameyatoa wapi. Nami sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Hapa ni lazima nikueleze habari za kaka yangu. Mutuma alikuwa akipakia miraa kwenye pikapu zinazokimbia Nairobi kabla ya alfajiri, naye akisafiri juu ya mzigo. Siku moja ya mvua kubwa mto ukaisomba pikapu aliyopanda. Dereva alipatikana. Vifurushi vya miraa vilipatikana, bado vimefungwa kwa majani yake ya mgomba. Mutuma hakupatikana. Mama alingoja miaka, kila jioni akimwekea sahani. Mwishowe wajomba wakasema yatosha, mtu azikwe. Wazee wa ukoo wetu, mwili ukikosekana, walizika mgomba mahali pake. Mchungaji alikataa kuja, tukazika bila yeye. Mgomba ukavishwa koti kuukuu la Mutuma, ukalazwa kaburini.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Mgomba wa kuzikwa hukatwa juu, shina la chini na mizizi yake vikaachwa shambani, ili uoze upesi na mtu apumzike. Lakini mjomba wangu mmoja, kwa upendo tu, niamini, hakutaka kumzika Mutuma nusu. Aliuchimbua mzima na mizizi yake. Mvua zilipokuja, ukachipua.

Wajomba walitaka kuung'oa. Mama akasimama mbele yao na panga.

"Mnaona?" akawaambia. "Mwanangu hajaenda popote."

Tangu hapo akawa anaufagilia, anaumwagilia maji, hataki mtu auguse.

Turudi ukumbini. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya Wawira, msichana anayechora stika na kufinyanga hereni. Kati ya vinyago vyangu kulikuwa na kimoja ambacho hata mimi sikukielewa. Mikono ilikuwa imekishona yenyewe huku mimi nikiwaza mambo mengine.

"Buda, huyu ni nani?" Wawira akauliza.

"Sijui."

"Katuni zote nimeona, huyu hayumo. Hebu mgeuze aangalie ukuta bana, ananitolea macho."

Nikakigeuza. Wanunuzi walikigeuza tena, wakakiinua, wakakirudisha, wakapangusa mikono kwenye nguo.

Jioni, giza likianza kuingia, stima zikapotea. Vijana wakashangilia, wakawasha tochi za simu. Hapo ndipo mtu mrefu aliposimama mbele ya meza yangu. Alivaa koti zito, kofia yake imemfunika uso, na maji yalikuwa yakimtiririka mwili mzima. Nje jua lilikuwa limewaka kutwa. Nikasikia harufu ya miraa mbichi na majani ya mgomba. Akakichukua kile kinyago, akakivaa. Kilimkaa kama ngozi.

"Kaguru," akasema.

Kaguru, kwa lugha ya kwetu, ni mguu mdogo. Duniani alikuwa mtu mmoja tu aliyeniita hivyo, kwa kuwa sikutulia tangu utotoni.

"Kaguru, mbona mmenisimamisha? Nimechoka kusimama. Mwambie mama anilaze."

Wewe ungefanya nini? Nilinyoosha mkono nimshike koti, lakini vijana walikuwa wameshatuzunguka.

"Cheki huyu! Ameweza!"

"Mpelekeni jukwaani!"

Mashindano ya mavazi yalikuwa yakiendelea. Wakampandisha. Emsii, bila kipaza sauti, akapiga kelele, "Na wewe ni nani, wa katuni gani?" Alisimama tu, maji yakidondoka kwenye mbao. Nikapanda nikilia, "Huyu ni Mutuma! Ni ndugu yangu! Alikufa!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni igizo letu sisi wawili. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyoshangilia.

Stima zikarudi. Kinyago kilikuwa sakafuni, ndani ya maji. Mwenyewe hakuwepo. Makofi yakazidi, na emsii akaninyanyua mkono kama mshindi.

Wawira peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akituchukua kwa simu.

"Buda," akanong'ona, "hapa naona kinyago tu. Nyuma yake ni pazia." Akaifuta video ile mbele yangu, akafunga vitu vyake, akaenda. Sijawahi kumwona tena.

Nilifika nyumbani kesho yake. Nikamuuliza mama magome aliyatoa wapi. Akanionyesha kwa kidevu, kaburini. Nikamsimulia yote. Hakulia.

"Alikuwa na koti?"

"Alikuwa nalo."

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Mama, amechoka. Anaomba umlaze. Tuung'oe huu mgomba, nakusihi."

Nikachukua jembe. Mama akatembea polepole, akaukumbatia mgomba ule, akakaa chini.

"Nikimlaza nitabaki na nani, baba? Na wewe?"

Nikaliweka jembe chini. Krismasi ngapi zilikuwa zimepita sijakanyaga pale?

Mgomba huzaa mara moja ukaanguka, na watoto wake husimama mahali pake. Wa Mutuma umeanguka mara nyingi tangu siku ile. Sasa wamejaa kaburi lote, wamefika dirishani kwa mama, na kila jioni yeye huwapelekea sahani ya chakula. Mimi nami sizunguki tena, wala sishoni vinyago. Nimekaa. Usiku ukikaribia, hata mwezi mzima mvua haijanyesha, majani yale hudondosha maji, nami hukaa mlangoni nikimsikia Mutuma. Hasemi jipya. Nilijiambia nitawang'oa mama akishaondoka. Juzi akaniita, akanionyesha pa kumzika: katikati yao, na jembe lisiingie hapo tena. Akaniapisha. Nikaapa. Ningemkatalia vipi?

Basi wewe, ukimwona mahali pa sherehe mtu mwenye uso usioujua, amelowa na mvua haijanyesha, usipige makofi. Muulize anataka nini. Na ikikubidi kumzika mtu wako kwa mgomba, ukate juu ya mizizi. Utaona ni ukatili. Kata. Wa kwetu haukukatwa, na Mutuma bado amesimama.