Siku ya Posa, Baba Alipochagua Upande

Mwaka 2018 nilipotaka kuolewa na Mkongo wa Fort Worth, huku ughaibuni, mama alikataa mapema. Watu wa vita, alisema, hawaishiwi vita. Baba akasema yeye hayumo. Mama akilalamika anaitikia, nikilalamika mimi anaitikia vilevile. Nilimchukia kwa hilo kuliko mama.

Siku ya posa, baba mdogo wa mchumba wangu alifika kwetu Carrollton na suti yake ya kanisani. Kabla ya kukimbia vita aliishi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi hata msibani hutania, sembuse kwenye posa. Akamtaka mgeni aeleze kwanza: katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kongo walikuja kuiteka Tabora kutafuta nini, na mbuzi wa bibi yake wako wapi?

Mtani angejibu kwamba mbuzi wenyewe walikuwa wamekonda. Mgeni wetu hakujua anataniwa. Aliweka soda mezani, akaeleza taratibu kama aliye mbele ya hakimu. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, na vita vilipoanza wakubwa walitangaza kwamba haina upande. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, walikuwapo Wajerumani na meli yao ya vita.

"Siye hatukukuwa na maneno na mutu," alisema. "Bateau ya Waalemani ikakuya kuvunja mitumbwi yetu. Sasa tungebakia kimya namna gani?"

Ndipo Kongo ikaingia vitani. Babu yake hakuulizwa kama anataka. Alitwishwa mizigo ya jeshi kuelekea Tabora, asirudi tena. Ikiwa mbuzi walichukuliwa, yeye anaomba radhi kwa niaba ya babu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakungoja.

"Si nilisema? Vita vyao wamevileta mpaka sebuleni kwangu."

Mgeni alisimama, akaanza kufunga vifungo vya koti. Nilijua akitoka pale hatarudi, wala ukoo wake hautatuma mwingine. Nikamtazama baba, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze, yeye hakukwepa macho yangu.

"Mke wangu, huyu hajaleta vita," alisema. "Nimevianzisha mimi, kwa mdomo wangu." Akainuka, akamshika mgeni mkono. "Keti, mkwe. Babu yako alifia katika njia ya kuja kwetu."

Mgeni akaketi. Mama akaenda jikoni bila kunitazama, nami nikalia mbele ya mgeni.