Mashine ya Kusaga Ukweni

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na swali mdomoni, na hakuwa akinisifu. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka Kisumu, miaka ile ya hamsini, akaniambia kwamba anataka kununua mashine ya kusaga, nilimuuliza mpaka ugali ukapoa. Nani ataiendesha? Yeye mwenyewe, kule Kisumu alikuwa ameendesha ya tajiri mmoja na alijua kila nati yake. Fedha itatoka wapi? Atauza maksai wake wa kulimia na baiskeli. Na ikishindikana? Ataiuza kwa mfanyabiashara wa mjini na kurudi Kisumu.

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Sehemu kubwa ya ndoa yetu ilikuwa imepita yeye akiwa upande ule wa mpaka, mimi huku nikilea mtoto ambaye alimwita baba yake mgeni. Habari za unga kwangu zilikuwa za pili. Nilitaka mashine imbakize nyumbani.

Tarime ya wakati ule ilikuwa na maduka machache ya Wahindi chini ya boma, mnada wa ng'ombe, na wanaume waliorudi kutoka Kenya na cherehani mgongoni, kila mmoja akisema mwaka huu atafungua kitu. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inapandwa, na fedha ilikuwa imeanza kuonekana mikononi mwa watu ambao zamani mali yao yote ilikuwa na pembe. Pale mjini serikali ikaanza kuwaita wenye nia ya biashara wapewe mafunzo. Mume wangu alikwenda. Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mpole sana, na Kiswahili chake kiliteleza hata wengine wakawa wanakisikiliza chenyewe tu. Aliwafundisha kupima, kutunza akiba, na kutomkopesha kila shemeji. Mwisho akawaambia neno ambalo mume wangu alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa ndama: fungua biashara pale unapojulikana na kupendwa.

Tukakaa kufikiri ni wapi hapo. Kwao Kemambo alikuwa ameondoka angali kijana, na wengi walimjua kwa jina la baba yake tu. Lakini kwetu Susuni walimpenda mno. Alikuwa ametoa ng'ombe wa mahari bila kuzungushana na mtu, na kila alipokuja likizo alimlimia baba yangu shamba bila kuombwa. Tena Susuni kulikuwa na mahindi, ulezi na mihogo, na mashine ya karibu ilikuwa ile ya mjini, mwendo wa kumchosha mtu mwenye mzigo kichwani. Baba alitoa kiwanja kando ya njia. Ndugu zangu wakaitisha risaga, kazi ya pamoja ambayo majirani huja na zana zao nawe unawalisha na kuwapa pombe ya ulezi. Kuta zikasimama, bati likapigwa. Kaka yangu mkubwa alimpiga mume wangu begani akamwita mura, yaani kijana, akasema, "Mura, hapa umefika." Sote tuliamini hivyo.

Siku ya kwanza injini ilinguruma mpaka ng'ombe wakakimbia malishoni. Mume wangu alivaa shati jeupe, akasimama mlangoni kupokea wateja. "Chema chajiuza," aliniambia. Tukangoja. Chema chetu hakikujiuza. Walikuja wasichana wachache na vikapu vidogo, wakacheka, wakasagiwa, wakaondoka. Siku zilizofuata wakaja hao hao, kisha hata wao wakakoma. Injini ya namna ile haiwashwi kwa kikapu kimoja. Hula mafuta yale yale, usage kidogo au usage ghala zima. Mume wangu akawa anaipangusa asubuhi, anaipangusa jioni. Siku moja nilimkuta anamuuliza dereva wa lori nauli ya kwenda Kisumu.

Kilichonishangaza ni kwamba wanawake wa kwetu walikuwa wakipita. Niliwaona kwa macho yangu, na vikapu vizito vichwani, wakiacha njia yetu, wakizunguka kwa chini kwenye tope, wakielekea mjini kwa mashine ya watu wengine. Niliwaza mengi. Nilidhani unga wetu una harufu ya mafuta. Nikapika ugali wake, ukawa mzuri. Nilidhani kuna aliyetusema vibaya. Nikachunguza, sikupata kitu. Mwisho nilikwenda kwa mke wa baba mdogo, aliyenilea kama mama yangu, nikamkuta amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, jasho likimtoka, na bati la mashine yetu likionekana kutoka pale pale kwake. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza waziwazi tumewakosea nini.

Alishangaa kuliko mimi. "Mmetukosea? Mumeo tunamheshimu sana, mwanangu. Sasa mkwe nimpe kikapu changu mkononi, aone nilichonacho, tusimame naye chumba kimoja?"

Nilikaa chini palepale. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawakutani. Akimwona njiani, huchepuka. Mama akiisikia sauti ya mkwe uani, hujifunika shuka na kungoja apite. Hawali pamoja wala hawaingii nyumba moja, na huko ndiko kuheshimiana kwenyewe. Desturi hiyo tuliijua tangu utotoni, lakini tulipoanza kufikiri biashara tulifikiri kama yule mwalimu wa pwani. Mume wangu alikuwa amemhesabu mama mkwe mmoja, yule aliyenizaa, ambaye mahindi yake ningeyabeba mimi. Tulisahau kwamba pale Susuni kila mwanamke aliyeolewa na mtu wa ukoo wetu ni mama yangu. Na wasichana? Hao ni shemeji, na shemeji ni wa kutaniwa, kwa hiyo baba zao waliposikia vicheko mashineni waliwakataza. Mama hawezi kuja, binti asije. Tulikuwa tumeweka mashine katikati ya watu wote duniani waliotupenda mno hata wasiweze kuja kwetu. Shangazi mmoja aliyekuwa pale alimalizia kwa kusema mume wangu angekuwa mtu wanayemdharau wangeshakuja zamani.

Nilipomweleza mume wangu, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha hakucheka tena. Kwanza tulijaribu pazia la magunia. Yeye akae nyuma kwenye injini, mimi nipokee vikapu mbele. Mke wa baba mdogo akajitoa mhanga kuja wa kwanza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka vumbi la unga lilipomwingia mume wangu puani akapiga chafya. Mama yule aliacha kikapu, akaacha na kiatu kimoja, akapotelea kwenye mahindi. Kabla ya mchana Susuni nzima ilikuwa na habari ya chafya ya mkwe.

Ikabaki njia moja, nami nikaisema: anifundishe. Alikataa. Mashine itakukata, alisema, na mwanamke wa kuendesha injini hajapata kuonekana. Nilimuuliza kama mwanamke wa kuachwa nyumbani miaka na miaka amepata kuonekana. Akaingia ndani, akaniletea suruali yake kuukuu ili nguo zisinaswe na mkanda. Hendeli, mkono wa chuma wa kuwashia injini, ilinipiga mkono mara kadhaa, ukavimba. Nilijifunza kuwasha, kusikiliza, kupoza, kukaza mkanda. Alikuwa mwalimu mkali, na nilipofaulu hakunisifu, kwa sababu kila nilichokijua kilikuwa kinamtoa yeye nje. Niliona hivyo na niliumia kwa ajili yake.

Asubuhi aliyoniachia kazi, alipita mkono juu ya injini, akachukua jembe, akavuka kijito kwenda ng'ambo, ambako baba alikuwa amempa kipande cha kupanda kahawa. Wanawake wakaja. Walikuja na mahindi, ulezi na mihogo mikavu, wakajaza chumba, wakakaa nje kwenye majani, na maneno yao yakashindana na injini. Mafuta yalipatikana, na faida ikaonekana. Habari za lori la Kisumu sikuzisikia tena. Lakini jioni mume wangu aliporudi na udongo miguuni, neno lake la kwanza halikuwa kuuliza tumepata nini. Aliniuliza kwa nini saa za mchana sauti ilishuka kidogo, na kama niliuangalia mkanda. Alikuwa akilima huku anaisikiliza siku nzima kutoka ng'ambo.

Kisha ikaja siku ya foleni kubwa, kabla ya sherehe za tohara ya vijana, wakati kila nyumba inataka unga. Mama yangu mzazi naye alikuwapo. Katikati ya kazi injini ikaanza kukwama, ikapiga kikohozi, ikazima. Nikashika hendeli, nikazungusha, haikutaka. Nikazungusha tena. Akina mama wote walikuwa wakinitazama.

Sauti ikatoka ng'ambo ya kijito. "Acha hendeli! Hewa imeingia kwenye mafuta. Legeza nati ya juu, yaache yatoke mpaka povu liishe, halafu kaza."

Wanawake wote walijifunika shuka kwa mpigo. Nilidhani watakimbia, lakini nafaka yao ilikuwa ndani, wakabaki wameinamia magoti. Nikalegeza nati. Povu likatoka, likaisha. Nikakaza, nikazungusha, injini ikakubali. Ng'ambo kule sikusikia neno lingine.

Mama alikuwa wa mwisho kusagiwa. Nilipozima mashine, alichota unga wake, akausugua kwa vidole. Tangu niolewe hakuwahi kumsemesha mume wangu wala kutaja habari zake mbele yangu. Akageukia ukuta, shuka ikiwa usoni, akaniambia kwa sauti kubwa ambayo hakuhitaji kuitumia kwa mtu aliye karibu naye hivyo.

"Mwambie mwenye mashine kwamba unga ni laini."

Nilivuka kijito nikamkuta amesimama na jembe, hajalima. Nilimpa ujumbe wa mama, ingawa nilijua ameshausikia. Akaniomba nirudie.