Mlango wa Orodha ya Damu

Edna alikuwa mtu wa kiapo. Kikundi chao cha wachangia damu pale Korogwe kiliweka orodha ya wanachama mtandaoni, na ukurasa wa kuisimamia ulikuwa wazi kama nyumba ya msiba: nywila moja, nusu ya mji wanaijua. Ndiyo maana mtu aliona jina la Rukaya, muuza maandazi, limeandikiwa "damu imekataliwa". Binti wa watu alikuwa na upungufu wa damu tu, lakini mtaa ukatia chumvi na wateja wakahama. Edna aliona aibu, maana orodha ilikuwa mikononi mwake.

Akaapa kuufunga mlango ule. Akaweka ulinzi wa mawasiliano na nywila mpya, kisha akaiamuru seva ikubali anwani moja tu ya intaneti, ile ya ofisi yao. Kumbe umeme ulikuwa umekatika, na kompyuta ilikuwa inakula bando la simu yake. Anwani aliyoiandika ilikuwa ya simu. Alipoizima simu kutunza chaji na kuiwasha tena, mtandao ukampa anwani nyingine, na mlango ukamkataa hata yeye. Akawaandikia wenye seva Dar es Salaam. Kimya.

Mchana huo mdogo wake Peter akapiga simu kutoka hospitali, alikompeleka mkewe Salome.

"Dada, Salome amejifungua, damu haikomi. Wanataka O hasi, na hapa imekwisha. Fungua orodha."

Edna alijaribu tena na tena, mlango ukamkataa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kati ya wenye damu hiyo alimkumbuka mmoja tu, na alitamani awe mwingine yeyote.

Rukaya alimsikiliza bila kuinua macho kwenye karai.

"Kwa hiyo leo damu yangu inafaa."

"Ulitibiwa, ukapona. Mimi najua."

"Unajua wewe. Na ule mlango wa orodha yenu?"

"Nimeufunga. Hata mimi siingii."

Rukaya akafunika maandazi, akajifunga kanga. Edna akaita bodaboda, akamwambia dereva apite njia ya mkato.

"Tupite sokoni," Rukaya akasema.

"Tutachelewa, mwenzangu."

"Tupite sokoni. Wakiuliza tunakwenda wapi, utajibu wewe."

Edna akamwona moyoni Salome akiisha kitandani, akapanda. Kwenye mafungu ya nyanya pikipiki ikapunguza mwendo, na mama mmoja akauliza, safari ya wapi hiyo. Edna akajibu kwa sauti, huku analia:

"Hospitali. Rukaya anampa wifi yangu damu."