Mama Yao wa Miaka Kumi na Sita

Mume wangu ana ugonjwa wa kupiga simu. Jambo likishapangwa vizuri, kimya kimya, limebaki kutekelezwa tu, yeye lazima ampigie dada yake mkubwa kwao Meru, kule Githongo, amjulishe. Si kuomba ruhusa, anasema, ni kumjulisha tu. Ndivyo alivyofanya Agosti ile binti yetu alipokaribia kutimiza miaka kumi na sita, na mpaka leo nikiikumbuka simu hiyo mkono wangu hutafuta kitu cha kurusha.

Sisi tunakaa Embu mjini, kwenye ploti ya nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja katikati. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda karibu na soko. Binti yetu anasoma shule ya bweni, na siku yake ya kuzaliwa huangukia likizo kila mwaka. Huko shuleni msichana akizaliwa siku hiyo, wenzake humvizia na mabeseni na kumlowesha maji mpaka viatu vinalia. Yeye alikuwa amewabebea wenzake maji tangu kidato cha kwanza, na hakuna aliyewahi kumlowesha. Kwa hiyo nilipomuuliza anataka nini, hakufikiri hata kidogo.

“Mum, sitaki speech. Nataka mabeshte wangu, ngoma, na wanimwagie maji. Basi. Siku moja tu niwe mimi.”

Nilifurahi, sikatai, kwa sababu maji ni ya kuchota na ngoma ni ya kuazima. Chapati ningepika mwenyewe na ndengu za kutosha. Juisi ingekuwa ya pasheni. Keki ningeioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Vijana wa kanisa walikubali kutuazima spika. Gauni nilishona kutoka mabaki ya kitambaa cha bibi harusi mmoja aliyebadili mawazo kuhusu rangi: samawati, mikono mifupi, kiuno kimekaa sawasawa. Na kwa kuwa mfereji wetu hutoa maji unapojisikia, nilijaza pipa na kila mtungi wa ploti mapema. Binti yangu alikuwa akipita hapo akiligonga pipa kwa vidole na kucheka peke yake.

Halafu baba yake akapiga simu.

Lazima nieleze hapa. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Kwetu Embu pia tunafanya hivyo, kwa hiyo siwezi kujifanya mgeni. Lakini kwa wakwe zangu jina lilikuja na cheo chake. Shemeji yangu mkubwa, mzee mwenye mvi, humwita binti yangu “mama” na kumuuliza kama amekula. Alipokuwa mdogo ilinipendeza, kwa sababu sukari na maziwa havikukosekana. Alipoanza kukua, nikaanza kuona ubaya wake. Akipanda mti wa mparachichi, shangazi zake wanapiga kelele: mama hapandi miti. Akisuka rasta: mama yetu hakusuka hivyo. Mtoto wa watu anabebeshwa mwanamke mzima aliyezikwa, na kila mtu anaona ni heshima.

Mama mkwe mwenyewe, cucu wa binti yangu, nilimjua. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mnafiki. Watoto wake wakikaa kwake wakipiga domo baada ya chakula, aligonga mkono wa kiti chake mara moja na kusema kwa Kimeru, “Mmekula. Sasa nendeni mkafanye kazi.” Wakaondoka, wazee kwa vijana, bila hata kumaliza chai. Kisa hicho wanakisimulia kila wanapokutana, na kila mara wanacheka mpaka machozi. Binti yangu amekisikia tangu hajaota meno.

Siku moja baada ya simu ile, shangazi mkubwa, yule aliyepigiwa, alifungua kundi la WhatsApp, akaniingiza bila kuniuliza, na kutangaza kwamba familia inakuja Embu kusherehekea mama. Niliandika kwa adabu kwamba ni kijisherehe cha watoto. Akanipigia.

“Sasa huyo ni mama yetu. Utampea ndengu?” aliniuliza. “Sisi tunaleta mbuzi. Nyinyi mshughulikie tu hizo vitu ndogo ndogo.”

Vitu vidogo vidogo! Mbuzi anakuja na midomo ya kumla. Midomo inataka wali, soda, kuni, viti vya kukodi, hema la kuzuia jua na mtu wa kuchinja. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, lakini mkono wenye mbuzi unaweza kukumaliza pia. Nilimgeukia mume wangu nikamwambia awapigie simu tena, maana simu anaipenda sana, awaambie wasije. Alisema hawezi kumfungia dada yake mlango. Nikamuuliza mlango wa nani. Alitoka kwenda kuangalia mpira kwa jirani, na mimi nikakata kitambaa cha mteja vibaya kwa hasira.

Walifika Jumamosi kabla ya saa nne, magari mawili, mbuzi akiwa kwenye buti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikupona. Shangazi mkubwa aliionja ndengu yangu na kuuliza ni ya nani. Keki yangu ilisogezwa nyuma ya jokofu, wakaweka yao, ya ghorofa mbili, imeandikwa “Mama Yetu Mpendwa.” Viti vyote vya chini ya hema vilikaliwa na watu wazima. Marafiki wa binti yangu, wasichana na wavulana waliokuja na zawadi ndogo zilizofungwa kwa gazeti, wakapangwa juani kando ya pipa la maji. Spika ikazimwa ili watu waombe.

Maombi yaliisha, zikaja hotuba. Kila mtu alisimama kumshukuru mama kwa kumsomesha, kwa kumfichia chapati, kwa kumchapa alipotoroka kanisani. Binti yangu alikaa kwenye kiti cha mbele akitikisa kichwa kwa heshima, akishukuriwa kwa mambo yaliyofanyika kabla hajazaliwa. Halafu shangazi zake wakaja wakiimba, wakamvisha leso. Moja mabegani, moja kiunoni, na kitambaa cha kichwa juu ya rasta zake. Gauni langu la samawati lilipotea lote, na mtoto wangu akapotea nalo. Nilikuwa nimeshika sinia la nyama. Nilitamani kulimwaga.

Shemeji mkubwa akapiga magoti ili mama yake amlishe keki. Akalishwa. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Hapo ndipo rafiki mmoja wa binti yangu, msichana mwembamba ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alipochota jagi la maji kwenye pipa na kuanza kunyata. Nilimwona. Binti yangu pia alimwona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kwa meno. Shangazi mkubwa alimwona vilevile. Alimnyang'anya jagi mkononi.

“Huyu hamwagiwi maji,” alisema. “Huyu ni mama ya watu.”

Nilivumilia mengi siku ile, lakini hilo lilinishinda. Niliweka sinia chini nikasema kwa sauti kwamba huyu ni binti yangu, nilimzaa mimi, sherehe ni yake, na maji niliyachota mimi kwa ajili yake. Nilisema imetosha. Shemeji mkubwa alinitazama kwa upole ule unaokera kuliko matusi. Akaniomba, mke wetu, kama kuna chai iliyobaki niwaletee, watu wana kiu. Mume wangu aliangalia viatu vyake.

Kisha tukasikia kitu kikigonga mbao. Binti yangu alikuwa amegonga mkono wa kiti chake, mara moja tu. Kimeru chake ni cha kuokoteza, tumemlea Embu, lakini maneno yale aliyajua yote, na aliyatoa bila kupandisha sauti.

“Mmekula,” alisema. “Sasa nendeni mkafanye kazi.”

Hakuna aliyecheka. Shemeji mkubwa alikuwa bado amepiga magoti na makombo ya keki kwenye ndevu. Alisimama. Mtu anayeogopwa na kamati nzima ya kiwanda cha kahawa alisimama, akajipangusa, akasema, “Ndiyo, mama,” na kutafuta kofia yake. Dada yake aliliweka jagi mezani taratibu. Wakakusanya mikoba na vyombo vyao, wakamuaga mama yao, kila mmoja kwa mikono miwili. Magari yalipotoka langoni chai niliyoitishwa ilikuwa haijabandikwa hata jikoni.

Binti yangu alivua leso moja moja, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya kiti. Ngoma ikawashwa. Wenzake walilivamia lile pipa na mabeseni, wakamlowesha mpaka samawati ya gauni ikawa nyeusi. Alipiga mayowe uwanja mzima ukasikia. Walikula ndengu zangu zote na keki ya sufuria, na ile ya ghorofa walirushiana.

Jioni wenzake walipokwisha kwenda, nilimkuta kwenye ngazi ya mlango akikamua nywele. Nilimwambia nimejivunia alivyowaondoa. Nilisema kwamba mimi nimeolewa kwao miaka yote hii na sauti yangu haijawahi kumwinua mtu hata mmoja kwenye kiti. Niliyasema kwa kucheka.

Hakucheka.

“Lakini Mum, hawakunisikia mimi,” alisema. “Hiyo sauti ilikuwa ya cucu. Ningesema yangu, wangeitisha chai.”

Kweli, chai yenyewe niliitishwa mimi. Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu ile simu ilinipanda upya, na safari hii haikuwa ya mbuzi wala ya viti. Chini kabisa ya pipa kulikuwa kumebaki maji kidogo. Niliinama nikayachota yote kwa beseni. Nikarudi, nikamwita kwa lile jina la utani nililompa nikiwa bado nimelala kwenye kitanda cha hospitali, kabla familia haijafika na jina lao. Aliinua uso. Nikammwagia.