Alama Nyekundu Chini ya Hendibreki

Ni Jumamosi, jua ndiyo kwanza linagusa ukingo wa paa, na mwanamke aliyevaa koti la kazi linalomfika magotini anasukuma jiwe kwa ncha ya kiatu mpaka linabana gurudumu la mbele la gari. Anarudi nyuma, analitazama, kisha anakwenda kulisukuma tena kidogo. Upande wa pili wa gurudumu anaweka tofali. Halafu anainamisha kichwa, midomo inacheza bila sauti.

"Amina," anaitikia mwanamume mwembamba aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Unajiombea wewe, au unaliombea gari lisamehewe dhambi zake?"

"Gari halina dhambi, shemeji. Wenye dhambi wamekalia ndoo zangu."

Watoto wa mtaa humwita Bibi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno wanalolisikia kutoka kwake kutwa: taratibu kupanda, taratibu kushuka, taratibu na huo mlango. Ana miaka sitini na miwili, na ni mjane. Tangu afiwe, anajitafutia riziki kwa kupeleka watoto wanane shule ya awali kila asubuhi, kwa mizunguko miwili, na kuwarudisha mchana. Gari ni lile lile aliloliacha marehemu mumewe, jeupe zamani, sasa lina rangi ya chai ya maziwa.

Huyo wa kwenye ndoo ni mdogo wa marehemu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Sentimita. Amekuja kusaidia, ingawa mpaka sasa msaada wake umekuwa wa mdomo.

Kazi ya leo ni kurekebisha hendibreki. Kwa fundi wa gereji ni kazi ya kuagiza chai na kuimaliza kabla chai haijapoa. Kwa Bibi Taratibu ni mzigo alioukwepa tangu msiba, na leo hakuna pa kukwepea. Ikishindikana, Jumatatu watoto hawapandi.

Yalianza Jumanne. Alisimamisha gari kwenye mteremko, nje ya geti la mama mmoja mwenye pacha, akavuta hendibreki, akashuka kumfungulia mtoto mlango. Kwa kawaida hulichukua jiwe lake kutoka nyuma ya kiti na kuliweka chini ya gurudumu kabla ya jambo lolote. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyunya, akasema ngoja nifanye haraka.

"Nikasikia katoto kananiambia kutoka ndani, 'Bibi, gari linaenda lenyewe,'" anasimulia. "Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia kipepeo anapita."

Gari lilirudi nyuma polepole, likaegemea ukuta wa jirani na kusimama. Taa moja ya nyuma ilipasuka. Watoto walicheka, wakaomba lirudie.

Mama wa pacha hakucheka. Aliona yote akiwa amesimama getini na mwavuli. Jioni alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akakataa kiti.

"Mama, sisi sote tunakupenda," alimwambia, "na watoto wanakupenda kuliko sisi. Lakini gari halijui upendo. Nimezungumza na wazazi wenzangu. Kama breki haishiki, kuanzia Jumatatu tutatafuta njia nyingine."

Bibi Taratibu hakubisha. "Ningebisha nini? Angekuwa mjukuu wangu mle ndani, ningesema makali zaidi yake."

Lakini mafundi wawili walipojitolea kuja kuangalia, aliwakatalia wote. Sentimita mwenyewe alipoleta wa tatu, alimpa maji ya kunywa na kumshukuru kwa kuja. Shemeji mtu akakasirika.

"Nikamwuliza, wewe unataka nini? Unataka kuchunga jiwe mpaka siku ya kiyama?" anasema Sentimita. "Ndipo akaniambia. Nikamwomba fundi radhi, nikamrudisha alikotoka."

Alichomwambia ni hiki: hendibreki hukazwa kwa nati iliyo chini ya mkono wa kuivutia, ndani ya gari, imefunikwa na ngozi. Nati hiyo, mtu wa mwisho kuigusa alikuwa mume wake. Nguo zake ziligawanywa. Kitanda kilibadilishwa. Hata kikombe chake kilivunjwa na mgeni. Nati ilikuwa imebaki pale pale alipoiacha.

Kwa hiyo mkono wa hendibreki ulipoanza kupanda juu kila unapovutwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka ukawa unasimama wima kama mwanafunzi anayejua jibu, yeye alitafuta jiwe.

Marehemu alikuwa dereva wa lori la kubeba mbao, mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea yasiyobadilika. Nyuma ya jiko alimwaga sakafu ya saruji iliyo sawa kabisa, pana kama gari, kwa sababu alisema mwenye akili hainui gari kwenye mteremko. Kila baada ya miezi kadhaa, alasiri ya siku yake ya mapumziko, alikuwa akiita kutoka huko nyuma, "Mama, acha hiyo sufuria, njoo ushike gurudumu."

"Wenzangu waume zao waliwapeleka kuona viatu vya dukani," anasema, na macho yake yanacheka kabla ya mdomo. "Mimi nilipelekwa kuonyeshwa viatu vya breki."

Viatu vyenyewe ni vipande viwili vilivyopinda, vinavyokaa ndani ya ngoma ya gurudumu la nyuma. Hendibreki ikivutwa, kebo huvisukuma vikabana ngoma, gari likatulia. Vikilika, pengo huongezeka, na mkono huanza kupanda. Hayo aliyajua kabla hajajua kuendesha. Kuendesha alifundishwa baadaye, kwenye kiwanja cha mpira, magoli yakiwa ndiyo geti la kupitia.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo marehemu aliirudia mpaka ikawa kama sala ya chakula: anza kwenye magurudumu, malizia kwenye kebo.

"Kukaza kebo ni rahisi, unakaa kwenye kiti tu na spana yako," anaeleza. "Lakini viatu vinakuwa bado viko mbali. Alikuwa akisema, anayekaza kebo peke yake ni kama anayekaza mkanda wa suruali ili asahau njaa."

Jambo lingine lilikuwa rangi ya kucha. Akimaliza kukaza nati, alipaka tone jekundu pale inapokutana na bolti, ili siku nyingine akiangalia ajue kama imelegea yenyewe. Chupa ilikuwa ya mkewe, aliyoinunua kwa harusi ya binti yao.

"Nilipaka siku moja tu maishani. Siku niliyoitafuta tena sikuiona. Nikamgombeza binti, nikamgombeza na mke wa huyu," anasema, akimwonyesha Sentimita kwa spana.

"Mke wangu mpaka leo anaikumbuka hiyo kesi," anadakia shemeji.

"Kumbe mwizi anakula nami sahani moja, ametulia, ananiambia chumvi imekolea."

Sasa anafungua mlango wa dereva, anapiga magoti kwenye sakafu, anavua ile ngozi chini ya mkono wa hendibreki. Vumbi limekaa humo kama unga. Analipuliza. Halafu anasogeza uso karibu zaidi.

"Kuna nini?" anauliza Sentimita. "Panya?"

Anainuka kwenye ndoo, anakuja kuchungulia juu ya bega la shemeji yake.

Nati imefika mwisho wa meno ya bolti. Hakuna pa kuikazia tena, hata nywele. Ina tone lake la rangi nyekundu. Na nyuma yake, kwenye sehemu ya bolti ambayo nati imeshaipita, yapo matone mengine, moja nyuma ya jingine. La mwanzo limepauka, limekaa mahali panapostahili. Yanayofuata yamesogea, kila moja na umbali wake, na mkono uliopaka haukuwa umetulia. La mwisho limemwagikia pembeni.

Mtu wa sheria ile alikuwa amekaza kebo bila kugusa magurudumu. Si mara moja.

Bibi Taratibu anakaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje, spana mapajani. Anapoanza kuzungumza, anazungumza taratibu, kama anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Ule mwaka wa mwisho alikuwa akija kukaa humu kila jioni. Nikimwuliza, ananiambia anasikiliza redio. Nikasema sawa, mtu mzima apate mahali pake pa kupumzikia." Anatazama mbele. "Redio ya gari hili inakoroma tu, shemeji. Ilikuwa inakoroma tangu enzi hizo."

Hakuwa tena na nguvu ya kuzungusha jeki. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana, na hakumwambia mtu. Kupanda ngazi alisema goti linamsumbua. Kuacha lori alisema amechoshwa na tajiri. Gurudumu halikuweza kudanganywa kwa maneno, ndipo akawa anajifungia humo na spana, anakaza kile alichoweza kukifikia akiwa ameketi, ili mkewe akisimama kwenye mteremko gari lisimame naye.

"Mficha maradhi..." anaanza Sentimita.

"Kilio humfichua," anamalizia shemeji yake. "Najua. Wala sikulia vya kutosha, naona."

Analia basi, si kwa muda mrefu. Anajifuta kwa mkono wa lile koti, ambalo ni la marehemu, na kuacha mstari mweusi shavuni. Shemeji hamwambii. Anakwenda kuchukua jeki bila kutumwa.

"Miaka yote hii nilikuwa naitunza nati nikidhani natunza kazi yake," anasema Bibi Taratibu. "Kumbe natunza uchovu wake."

Anaishika nati kwa spana. Inagoma. Anaidondoshea mafuta, anasubiri, anajaribu tena, na safari hii inatoa mlio mdogo na kukubali. Analegeza, tone moja baada ya jingine, mpaka inarudi kwenye alama ya zamani kuliko zote, na anaipitisha hapo pia, kebo inalegea kabisa.

"Haya, mzee wangu," anasikika akinong'ona. "Pumzika."

Baada ya hapo kazi inakwenda kama alivyofundishwa. Gari linainuliwa nyuma, linakalishwa juu ya stendi mbili za chuma, na yeye anamzuia Sentimita asiweke hata kidole mpaka alitikise gari kwa nguvu zake zote na kuona limetulia. Analala juu ya gunia. Nyuma ya gurudumu kuna tundu dogo. Anaingiza bisibisi na kusukuma kigurudumu cha meno kilicho ndani, jino kwa jino, viatu vikisogelea ngoma.

"Zungusha," anaagiza kutoka chini.

Shemeji anazungusha gurudumu kwa mikono miwili.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Linazunguka kama feni."

"Bado. Zungusha tena. Sasa?"

"Linakwaruza kidogo. Kama mtu anayeburuta ndala."

Kisha kicheko kutoka chini ya gari. "Hayo ni maneno yake, shemeji. Nani alikufundisha?"

"Unadhani ni wewe peke yako uliyeshikishwa magurudumu nyumba hii?"

Wanafanya na la pili. Halafu anarudi ndani, anakaza kebo kidogo tu, anavuta mkono. Unanyanyuka, unatoa milio michache mifupi na kukaa imara, chini, mahali ambapo kiganja chake kinapakumbuka.

Mchana, mama wa pacha anapita akitoka sokoni na kukuta gari likipandishwa mteremko ule ule wa geti lake. Bibi Taratibu analisimamisha katikati ya mlima, anavuta hendibreki, anatoa gia, anaondoa mguu kwenye pedali.

"Toka nyuma ya gari wewe!" anamfokea Sentimita kupitia dirishani. "Nikikugonga nani atanishonea gauni la msiba wako?"

Gari halisogei. Anashuka, anafunga mlango taratibu, anasimama pembeni mikono nyuma. Jiwe liko nyumbani. Safari hii hakulibeba. Wote watatu wanatazama magurudumu kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Hayaendi popote.

Mama wa pacha anaweka kikapu chini. Anaegemea gari kwa kiganja, anasukuma, mwishowe anasukuma kwa bega. Anajinyoosha, anajikung'uta.

"Jumatatu nisiwacheleweshe?" anauliza.

"Wakicheleweshwa watanikuta getini nawapigia honi."

"Haya, mama. Watakuwa tayari." Anasita. "Una masizi shavuni."

"Tangu asubuhi!" anacheka Sentimita, na anakimbia kabla spana haijamfikia.

Limebaki jambo moja, na Bibi Taratibu anamwuliza mama wa pacha kama ana rangi ya kucha nyumbani. Analetewa chupa ya zambarau. Anapiga magoti tena kwenye sakafu ya gari na kupaka tone moja juu ya nati, jipya, karibu na lile lililopauka. Mengine hakuyafuta.

"Rangi hii angesema inapiga kelele," anasema.

Binti yake anakuja likizo mwisho wa mwaka. Ana gari lake, na akisikia mlio wowote hupiga simu gereji. Mama yake ameshaamua: siku ya pili tu ya likizo, kabla hajazoea kulala, atamwita aache sufuria aje nyuma ya jiko kushika gurudumu. Mungu akiwapa uhai, mwakani ataongeza watoto wengine wawili kwenye mzunguko wa pili.

Na jiwe? Amelisukuma mpaka ukingoni mwa ile sakafu ya saruji, upande wenye kivuli. Anasema jioni atakuwa analikalia, mlango wa gari ukiwa wazi, asikilize redio inavyokoroma.